Mpaka wa Shamba Humlinda Mnyonge

Katika siasa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tusi jepesi kuliko yote ni kumwita mtu popo, kiumbe asiyehesabiwa miongoni mwa ndege wala wanyama, na tusi hilo huwaangukia zaidi wanasiasa wa msimamo wa wastani, yaani wale wanaokubali kwamba nchi inahitaji kubadilika lakini wakadai mabadiliko yapite njia iliyowekwa na sheria. Katika mikutano ya vyama, katika vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi, na hata kwenye mimbari ambako onyo la kitabu cha Ufunuo juu ya aliye vuguvugu hugeuzwa kuwa somo la siasa, imeenea rai kwamba Kongo imeharibika mno kuweza kutengenezwa taratibu, na kwamba anayehubiri taratibu ama ni mwoga ama amelipwa.

Rai hiyo inasimama juu ya hoja tatu. Ya kwanza inasema kwamba wastani wa Kikongo ulizaliwa katika kivuli cha mkoloni na haujawahi kutoka humo. Ya pili, kwamba kuhifadhi mambo katika nchi iliyojengwa juu ya dhuluma ni kuihifadhi dhuluma yenyewe. Ya tatu, kwamba watu wa wastani hawajawahi kufanikisha lolote, kwa kuwa kila kilichobadilika kilibadilishwa na waliovunja. Makala hii inashikilia kinyume chake, na ushahidi wake mwingi unatoka Lualaba, jimbo ambalo limeonja uvunjaji wa kila rangi na bado linalipa gharama zake.

Maneno yenyewe yanahitaji kupambanuliwa kwanza. Mhafidhina, kama jina linavyojieleza, ni mwenye kuhifadhi: anaamini kwamba taasisi, mila na sheria zilizorithiwa zimebeba akili na majeraha ya watu wengi waliotangulia, na kwamba mzigo wa kutoa sababu unamwelemea anayetaka kuziondoa, si anayetaka zibaki. Yuko mhafidhina mkaidi, ambaye kwake kila cha zamani ni kitakatifu, hata unyang'anyi wa zamani. Na yuko mhafidhina wa wastani, ambaye hukubali kurekebisha, hata kurekebisha sana, ilimradi kanuni ya kubadilisha kanuni iheshimiwe. Huyu wa pili asichanganywe na mganga njaa, anayekaa katikati kwa sababu hapo ndipo mkono unapofikia sahani zote mbili.

Karibu na Kolwezi kuna mashimo mawili makubwa ya shaba, moja la mashariki na jingine la magharibi, ambayo yote huitwa Mashamba, na jina hilo linasaidia kulieleza jambo. Mwenye wana kumi na mapanga kumi hahitaji jiwe la mpaka, kwa kuwa shamba lake linaishia pale nguvu zake zinapoishia. Anayelihitaji jiwe ni mjane mwenye kipande cha muhogo, ambaye siku likisogezwa usiku hatabaki na kingine cha kumtetea. Sheria, katiba na taratibu za bunge ni mawe ya aina hiyo. Wanaobeza watu wa wastani hudhani kwamba mawe hayo yaliwekwa na wakubwa kwa faida ya wakubwa, na mara nyingine ni kweli. Wanachosahau ni kwamba yanapong'olewa, mstari mpya huchorwa na aliye na nguvu kuliko wote siku hiyo, naye ni nadra sana kuwa mjane.

Hoja ya kwanza haikutungwa hewani. Chama cha Maendeleo ya Taifa, PNP, kilichoundwa mwishoni mwa mwaka 1959 chini ya Paul Bolya na kupendelewa waziwazi na watawala wa Kibelgiji, kilibandikwa na wapinzani wake jina la Kilingala «pene pene na mundele», yaani karibu karibu na Mzungu, na jina hilo liliganda hata likawa ndilo tafsiri ya neno wastani katika masikio ya kizazi kizima. Katika Katanga mashtaka hayo hupewa uzito zaidi kwa kumtaja Moïse Tshombe na chama chake cha CONAKAT, kilichoshirikiana na walowezi na kusifiwa huko Ulaya kuwa sauti ya busara katikati ya fujo. Ikiwa Tshombe ndiye kielelezo cha mhafidhina wa wastani, basi kesi imekwisha.

Lakini matendo ya Tshombe yakipimwa kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu, picha hugeuka. Sheria ya Msingi iliyoandaliwa kwa ajili ya uhuru ilitaka theluthi mbili za wajumbe wa baraza la jimbo wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe, na BALUBAKAT, chama cha Jason Sendwe kilichopishana na CONAKAT kwa viti vichache tu, kikaitumia kanuni hiyo kwa kususia kikao. Badala ya pande mbili kulazimika kuelewana, Brussels iliirekebisha sheria hiyo mwezi Juni 1960, wiki chache tu kabla ya bendera kubadilishwa, ili CONAKAT iweze kuunda serikali peke yake. Jiwe la mpaka lilisogezwa wazi, mchana kweupe, na tarehe 11 Julai 1960 aliyefaidika na kusogezwa kwake akatangaza kujitenga kwa Katanga. Miezi thelathini baadaye, Januari 1963, alipokuwa amebanwa Kolwezi, ngome yake ya mwisho, silaha aliyobaki nayo ilikuwa kutishia kulipua mitambo ya migodi na bwawa la Nzilo, lile lile linalozuia maji ya mto Lualaba ili miji na viwanda vipate umeme. Mtu anayetishia kulipua bwawa anaweza kuitwa majina mengi, lakini mhafidhina si mojawapo. Tshombe alikuwa mvunjaji aliyevaa suti ya mhafidhina, na walioingia makosani ni wale walioitazama suti.

Wastani halisi wa miaka hiyo ulionekana kwingine. Mwezi Julai 1961, nchi ikiwa imegawanyika vipande vinne na Patrice Lumumba akiwa amekwisha kuuawa, wabunge walikusanywa katika Chuo Kikuu cha Lovanium chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, wakatengwa na ulimwengu wa nje hadi wapatane, na mwanzoni mwa Agosti wakatoka na serikali ya Cyrille Adoula, ambamo Antoine Gizenga, mrithi wa Lumumba, alikuwa naibu waziri mkuu, na Christophe Gbenye waziri wa mambo ya ndani. Haikuwa serikali ya malaika, na haikudumu katika umoja wake. Hata hivyo ndiyo iliyowarudisha mahasimu katika chumba kimoja kwa kura badala ya risasi. Ilianguka lini? Ilianza kuanguka siku ilipoacha kuwa ya wastani, tarehe 29 Septemba 1963, Rais Joseph Kasa-Vubu alipolifunga Bunge, na waliofungiwa mlango wa bungeni wakatafuta mlango wa msituni. Kufikia Januari 1964 uasi wa Pierre Mulele ulikuwa umewaka Kwilu, na katika mwaka huohuo moto wa waasi ulifika karibu na nusu ya nchi.

Hoja ya pili, inayosema kwamba kuhifadhi ni kuhifadhi dhuluma, ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu dhuluma ilikuwepo na ipo. Hakuna mtu mwenye haya anayeweza kutetea Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906 na kuwapangia wafanyakazi wake hata mposho wa unga na idadi ya vyumba, au kudai kwamba ilipotaifishwa mwaka 1967 na kuzaa Gécamines palitendeka kosa. Swali la mhafidhina wa wastani halikuwa kama mali ya Kongo irudi kwa Wakongomani. Lilikuwa irudi kwa utaratibu gani, na kwa Wakongomani wepi.

Swali hilo lilijibiwa vibaya tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza uzairishaji, yaani utwaaji wa maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni kwa ajili ya raia. Havikuuzwa kwa mnada, havikupewa vyama vya ushirika vya waliokuwa wakivifanyia kazi, bali viligawiwa kwa walio karibu na chama tawala, wengi wao bila ujuzi wala mtaji, na katika miji ya shaba kama kwingineko mgawiwa alifungua duka la Mgiriki au la Mreno, akauza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, kisha akalifunga kwa kuwa hakuwa na njia ya kuagiza nyingine. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1974, dawa iliyotolewa ilipewa jina ambalo wapenda uvunjaji wa leo wangepaswa kulikumbuka: serikali yenyewe iliita hatua hiyo radikalizasioni, yaani kwenda hadi kwenye mzizi. Kufikia 1976 Mobutu alikuwa anawaita tena wenye mali wa zamani. Katika safari hiyo yote ya kwenda na kurudi, mwenye kupoteza alikuwa mpishi, karani, dereva na mama anayenunua chumvi.

Uvunjaji wa pili ulikuja kwa kaulimbiu ya «Katanga yetu». Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa uliokuwa ukiketi Kinshasa chini ya Askofu Mkuu Laurent Monsengwo ulimchagua Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, kuwa waziri mkuu, na ndani ya siku chache vijana wa chama cha UFERI, kilichoongozwa na Nguz a Karl-i-Bond na ambacho gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa sauti yake kali zaidi, walianza kuwafukuza Wakasai huko Likasi. Machi 1993 zamu ikawa ya Kolwezi. Watu waliokuwa wamezaliwa Katanga, wana wa wafanyakazi walioletwa na kampuni miongo mingi nyuma, waliitwa bilulu, yaani wadudu; familia zikarundikana kwenye kituo cha gari moshi zikiwa na magodoro na masufuria, zikingoja behewa kwa wiki na miezi, na watoto wakafa kwa surua na kuhara hapohapo kando ya reli.

Wanaoitetea hatua ile husema kwamba Wakasai walikuwa wamependelewa katika ajira tangu enzi ya Wabelgiji. Na iwe hivyo. Upendeleo wa ajira hutibiwa kwa kanuni za ajira, kwa shule na kwa nafasi zilizotengwa, mambo ya polepole yasiyo na ngoma wala nyimbo. Kufukuza watu hakukuwapa Wakatanga migodi, bali kuliinyima migodi mafundi wake. Gécamines, ambayo mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba, ilikuwa chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Sababu haikuwa moja: mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na mapato ya kampuni yalikuwa yamenyonywa na dola kwa miaka mingi bila mitambo kufanywa upya. Lakini kampuni iliyokwisha kuvuja damu ilikatwa pia mikono, na waliolipa ni hao hao wana wa nchi walioambiwa kwamba sasa yote ni yao. Wazee wa Kapata na Musonoi, makambi ya wafanyakazi yaliyowahi kusema kwamba kazi ndiyo baba na ndiyo mama, waliishia kukaa miezi bila mshahara, na mnamo 2003 zaidi ya 10,000 kati ya wafanyakazi wa kampuni hiyo waliagwa kwa malipo ya mara moja.

Inabaki hoja ya tatu, kwamba watu wa wastani hawafanikishi kitu, nayo inajibiwa kwa kulinganisha. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliiteka Kolwezi, wakiwa wamejaribu pia mwaka uliotangulia, kwa lengo la kumwangusha Mobutu kwa bunduki. Mamia ya watu waliuawa, Wakongomani na Wazungu, askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19, na Mobutu akatoka humo akiwa na marafiki wengi zaidi ng'ambo kuliko mwanzo, akatawala miaka kumi na tisa mingine. Novemba 1980 wabunge kumi na watatu walimwandikia barua ya wazi yenye kurasa 52. Hawakuwa wanamapinduzi: walikuwa ndani ya chama tawala, na Tshisekedi, mmoja wao, alikuwa amewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani na kushiriki kuiandika Ilani ya N'sele, hati ya msingi ya chama hicho. Walichofanya ni kuushika utawala kwa maneno yake wenyewe na kuudai utimize ulichoahidi. Wakakamatwa, wakavuliwa ubunge, wakapelekwa uhamishoni vijijini. Lakini mwaka 1982 chama cha UDPS kikazaliwa kutokana na barua ile, na Aprili 1990 Mobutu akaruhusu vyama vingi. Kuanguka kwa ukuta wa Berlin kulisaidia, bila shaka. Hata hivyo upepo wa nje hauwezi kusukuma jahazi ambalo hakuna aliyelitengenezea tanga.

Mifano ya karibu zaidi haikosekani. Januari 2015 mswada wa uchaguzi uliofungamanisha kura na sensa ya watu, jambo ambalo lingemwongezea rais wa wakati huo miaka madarakani, ulizua maandamano ambamo zaidi ya watu ishirini waliuawa. Tarehe 23 mwezi huo Seneti, chini ya Léon Kengo wa Dondo, mwanasiasa ambaye hakuna kijana aliyewahi kuandamana kwa jina lake, ilikiondoa kipengele hicho. Ni haki kusema kwamba bila barabara Seneti ingelala. Ni haki vilevile kusema kwamba bila Seneti damu ya barabarani isingegeuka kuwa sheria. Tarehe 31 Desemba 2016 maaskofu wa Katoliki, kupitia baraza lao CENCO, walizisainisha pande mbili mapatano yaliyomzuia Rais Joseph Kabila kugombea tena wala kuigusa katiba, na ingawa uchaguzi ulichelewa hadi mwisho wa 2018 na matokeo yake yakabishaniwa na maaskofu hao hao, Januari 2019 rais mmoja alimkabidhi mwingine ofisi akiwa hai na bila risasi kupigwa, jambo ambalo nchi haikuwa imelishuhudia tangu uhuru.

Hata ardhi ya Mashamba yenyewe inashuhudia. Shimo la magharibi, pamoja na la Dikuluwe, liliingizwa katika mkataba wa Aprili 2008 kati ya Kongo na makampuni ya China, uliozaa kampuni ya Sicomines kwa ahadi ya dola bilioni 6 za miundombinu, kiasi ambacho mwaka uliofuata kilipunguzwa hadi bilioni 3. Kwa miaka mingi majukwaa yalipiga kelele kwamba mkataba uchanwe, na kelele hazikuongeza hata kilomita moja ya lami. Ukaguzi wa hesabu uliofanywa na Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa serikali na kutolewa 2023, ukifuatiwa na mazungumzo makavu, ndio uliopandisha kiasi cha miundombinu hadi dola bilioni 7 mwezi Machi 2024. Kadhalika Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018, licha ya upinzani mkali wa makampuni, ilipandisha mrabaha wa shaba, yaani malipo kwa dola juu ya thamani ya madini, kutoka asilimia 2 hadi 3.5, ikaweka asilimia 10 kwa madini ya kimkakati ambayo kobalti ilihesabiwa miongoni mwayo, na kuelekeza asilimia 15 ya mrabaha moja kwa moja kwa serikali za mitaa zenye migodi. Hakuna kilichotaifishwa wala aliyefukuzwa, na fedha zikaongezeka.

Fedha hizo zinatumika vizuri? Mara nyingi hapana, na hapa watu wa wastani wanastahili lawama ya kweli. Juni 2019 zaidi ya wachimbaji wadogo thelathini walifukiwa na udongo katika mashimo ya Kamoto, jirani na Mashamba, wakiwa wameingia bila idhini kutafuta mlo wa siku. Sheria ya nchi inatambua uchimbaji wao na kuagiza utengewe maeneo, lakini maeneo yanayofaa ni machache mno. Kumwambia mchimbaji wa namna hiyo aheshimu mpaka huku mpaka wake mwenyewe haujachorwa ni ukatili. Anayejiita mhafidhina wa wastani na akanyamaza juu ya sheria isiyotekelezwa hahifadhi sheria, anahifadhi karatasi. Ndivyo ilivyo pia kwa wabunge wengi walioapishwa wakiwa upande wa Kabila na ambao Desemba 2020, walipoona upepo umegeuka, walihamia kwa makundi katika Muungano Mtakatifu wa rais mpya: hao si watu wa katikati, ni watu wa upande wenye chakula. Kipimo cha kuwatenganisha ni gharama. Wabunge kumi na watatu wa 1980 walipoteza viti na uhuru wao kwa ajili ya kanuni. Wahamaji wa 2020 walipoteza nini?

Kipimo hicho kina kazi sasa hivi. Tangu Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza huko Kisangani nia ya kuunda tume ya kuandaa katiba mpya, akidai kwamba ya sasa iliandikwa na wageni, nchi imerudi kwenye swali lile lile la jiwe la mpaka. Katiba hiyo ilipigiwa kura ya maoni na Wakongomani Desemba 2005 na kutangazwa Februari 2006. Haikatazi kurekebishwa: kifungu cha 218 kinampa njia hiyo rais, serikali, kila baraza la Bunge, na hata raia 100,000 wakitia saini ombi. Kinachokatazwa na kifungu cha 220 ni kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama, na kupunguza mamlaka ya majimbo, yakiwamo mamlaka ambayo Lualaba, iliyozaliwa 2015 kwa kugawanywa Katanga, inayategemea ili kudai fungu lake. Na kifungu cha 219 kinakataza marekebisho yoyote wakati wa vita au wa hali ya kuzingirwa, hali ambayo Kivu Kaskazini na Ituri zimewekwa tangu Mei 2021.

Msomaji wa Kolwezi atakayekutana na mgombea jukwaani, awe wa serikali au wa upinzani, hana haja ya kumuuliza anachukia nini na kwa ukali kiasi gani. Amwulize ni kanuni ipi aliyowahi kuitii ilipomuumiza, na lini. Asiye na jibu asipewe kura.